Kisima Kilichopozwa

Kuna watu ambao ukitaka kuwashukuru utahangaika kuliko anayetafuta kazi. Mbinya wa Katelembo alikuwa wa namna hiyo, na Zubair Faki, fundi wa matairi pale mjini Machakos, alikuwa amehangaika naye karibu miaka ishirini. Alimpelekea sukari, Mbinya akaigawa. Akampelekea leso mbili za Mombasa, Jumapili akaziona zimevaliwa na jirani. Mwaka mmoja alimnunulia blanketi zito la baridi ya Julai, na wiki mbili baadaye akalikuta limemfunika ndama.

"Mwaitu, kwa nini unanifanyia hivi?" Zubair aliuliza siku hiyo, karibu alie, akimwita mama kwa Kikamba kama kawaida yake.

"Ndama alikuwa na homa," Mbinya akamjibu. "Na wewe uache kuniletea vitu. Mtu akiwa na kiu anapewa maji. Maji haishukuriwi."

Maji yenyewe yalikuwa hivi. Agosti ya mwaka wa 1987, Zubair alikuwa akimkimbiza mkewe Asmaa hospitali Nairobi, uchungu umeshika, kwa pikapu yake ya Peugeot. Walipofika uwanda wa Katelembo, rejeta ikachemka na gari likazima. Jua la saa nane, hakuna nyumba karibu isipokuwa moja ya mabati. Mwenye nyumba, mjane wa makamo, ndiyo kwanza alikuwa anatua jerikeni mgongoni. Lita ishirini, mwendo wa saa mbili kwenda mtoni na saa mbili kurudi. Hakuuliza jina wala dini. Nusu ya maji aliichemsha, akamzalisha Asmaa na kumwosha mtoto, msichana, waliyemwita Sumayya. Nusu iliyobaki aliitia kwenye rejeta ili mama na mtoto wafike kwa daktari. Zubair alikuja kujua baadaye, kutoka kwa majirani, kwamba usiku ule mwanamke huyo alilala bila hata tone la kulowesha ulimi.

Wahenga walisema fadhila za punda ni mashuzi, na Zubair aliogopa sana kufa akiwa punda. Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka 2007, alipomkuta Mbinya, sasa mwenye miaka zaidi ya sabini, bado anabeba jerikeni ile ile huku mgongo umepinda kama ndoano, aliamua.

"Mwaitu, kama maji hayashukuriwi kwa sukari wala blanketi, nitakushukuru kwa maji. Nitakuchimbia kisima."

Mbinya akaitua jerikeni. "Kisima cha nani?"

"Chako. Na cha yeyote mwenye kiu."

"Hapo sawa," akasema. "Lakini utachimba na mwethya. Sitaki watu waseme niliuza shamba kwa mtu wa mjini."

Mwethya ni ule umoja wa Wakamba wa kufanya kazi pamoja, leo kwako kesho kwangu, na kilichoamuliwa na mwethya hakuna anayekipindua. Wa Katelembo ulikuwa na wanawake ishirini na wanne, na mwenyekiti wao alikuwa Mutheu, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Zubair akamleta fundi, Onesmus, mtu mrefu mkavu aliyefanya kazi miaka kumi na miwili Olkaria kwenye mitambo ya kuchimba mvuke wa ardhini. Huko aliacha nusu ya kidole. Mdomo alirudi nao mzima.

Udongo ulikuwa wa futi sita tu. Chini yake wakakutana na jiwe jeusi, gumu, lenye vipande vyeupe ndani kama mchele kwenye kunde. Mtaimbo ulikuwa ukiligonga na kurudi ukiimba. Zubair akaleta matairi makuukuu kutoka dukani kwake, wakayachoma juu ya jiwe kama wafanyavyo wavunja mawe, likipata joto linapasuka. Hilo lilisaidia futi za kwanza. Shimo lilipokuwa refu wakaacha moto kwa sababu ya moshi, Onesmus akaendelea kwa patasi na nyundo, wanawake wakivuta vifusi kwa kamba na kuimba. Miezi mitano ikapita hivyo. Kufikia Julai, shimo lilikuwa futi ishirini na sita, kavu kama unga. Zubair alikuwa haulizi tena habari za watu, anauliza habari za shimo. Kila sala alikuwa anaongeza dua moja, Mola asimwaibishe mbele ya mama yule.

Jumanne moja ya mwezi huo, yapata saa kumi na moja jioni, ardhi ikatikisika.

Zubair alikuwa dukani. Rimu zilizopangwa ukutani zikagongana, vumbi likashuka kutoka darini, na watu wa jengo la jirani wakatoka mbio, mmoja wao akiwa na sabuni usoni. Wiki hiyo kulishakuwa na mitetemo midogo, lakini huu ulikuwa baba yao. Wazo la kwanza la Zubair lilikuwa Onesmus, aliye chini ya ardhi saa hiyo. Simu ya Mutheu haikushikwa. Alilala kwa shida, na alfajiri akaiwasha Peugeot akaenda.

Alimkuta fundi mzima, amekaa juu ya ndoo, anakunywa chai. Wanawake walikuwa wamemvuta juu kwa kamba kama gunia la mahindi, kokoto zikimwangukia kichwani. Lakini mwethya wote ulikuwa umesimama mbali na shimo, majembe mabegani, na Mutheu alikuwa mbele.

"Zubair, tunafukia," alisema kabla ya salamu. "Hii shimo ni ya moto. Nilikuambia hizo matairi zako ni mbaya. Umechoma jiwe, moto wa chini umeamka."

"Mutheu, dada yangu..."

"Mimi niliona kwa televisheni, kwa kijana wangu Syokimau! Ile mlima ya Kongo, mwaka wa elfu mbili na mbili. Moto iliingia Goma mpaka katikati ya mji, ikapita juu ya nyumba kama uji. Sisi tuko na watoto hapa."

Zubair akamgeukia Onesmus. Alitaka mtu aseme jambo, jambo lolote. Pembeni, kwenye mafiga matatu, Nduku, mmoja wa wanawake wa mwethya, alikuwa anasonga ugali wa kazi, na sufuria ilikuwa inatoa yale mapovu mazito yanayovimba na kupasuka. Onesmus akaisogelea sufuria ile.

"Nani hapa hajawahi kuchomwa na ugali?" akauliza.

Wakacheka kidogo, hata waliokasirika.

"Basi nyinyi wote mnajua milima ya moto, ni vile tu hamkuambiwa. Sikia. Huko chini kabisa mawe yako na joto sana, lakini yamekandamizwa na uzito wa juu, kwa hivyo hayayeyuki. Sasa pale Bonde la Ufa, nchi inavutwa huku na huku. Pole pole, miaka mingi sana. Ikivutwa inakuwa nyembamba. Ule uzito unapungua, mawe yanaanza kuyeyuka, yanatafuta njia ya kutoka."

"Kama tairi," Zubair akasema ghafla. "Tairi likilika, tyubu inaanza kuchungulia."

"Ndiyo hiyo! Na pale tyubu inachungulia ndiyo unapata Longonot, unapata Suswa, unapata huko kwetu Olkaria. Lakini milima haifanani, ni kama wakwe, kila moja iko na tabia yake. Ikiwa ule mchanganyiko ni mwepesi, kama uji, hewa inatoka vizuri, hakuna kelele nyingi, unafurika tu na kukimbia. Hiyo ndiyo Mutheu aliona Goma. Ikiwa nzito kama huu ugali, hewa inakwama ndani. Inavimba, inavimba, halafu pwaa! Hiyo inarusha majivu mpaka mbinguni. Longonot ilipasuka kichwa hivyo, zamani. Ile milima ya Chyulu ni midogo midogo, ilitema changarawe moto, mmoja ukichoka mwingine unaanza pembeni. Na huu wa jana, redio imesema mtetemeko ulikuwa Tanzania kaskazini, karibu na ule mlima Wamasai wanaita wa Mungu. Huo uko na tabia peke yake kabisa. Uji wake ni mweusi, mwepesi kama oili ya gari, halafu ukipoa unakuwa mweupe."

"Na hapa?" Mutheu akauliza. "Hapa kuna nini chini?"

Onesmus akaokota kipande cha jiwe jeusi. "Hii ilikuwa uji. Ilitoka huko upande wa Ufa kabla mtu yeyote hajazaliwa duniani, ikatembea juu ya uwanda mpaka ikachoka, ikalala, ikapoa. Imepoa kabisa, Mutheu. Matairi ya Zubair haiwezi kuamsha jiwe. Ingekuwa hivyo, kila jikoni Ukambani ingekuwa na mlima."

Wanawake wengine walikuwa wameanza kushusha majembe. Lakini woga hausikii hoja, na Mutheu hakuwa mtu wa kubadilishwa na sufuria. Alisema fundi ni wa kulipwa, lazima atetee shimo lake. Alisema wakikosea watakaozikwa si watu wa mjini. Hilo lilimchoma Zubair kwa sababu lilikuwa kweli. Wakapiga kura kwa mikono, na ikaonekana wazi kwamba shimo linafukiwa.

Zubair alihesabu. Miezi mitano, na kabla yake miaka ishirini. Akamtafuta Mbinya kwa macho na kumwona akija polepole kutoka nyumbani kwake, mgongo umepinda, ukanda wa jerikeni umemkaza kipaji cha uso. Akaiweka chini karibu na mdomo wa shimo, akapumua.

"Nimesikia," alisema. "Mutheu, mtoto wako akipata homa, unamzika?"

"Aiee, mwaitu. Lakini..."

"Unampoza na maji. Hii shimo ikiwa na homa, tuipoze. Ikikataa, nitafukia mimi mwenyewe na hii mikono."

Akafungua kifuniko, akainamisha jerikeni, na maji yote yakaenda shimoni. Lita ishirini, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kwa miguu ya miaka sabini na kitu. Zubair alipiga hatua amzuie, Onesmus akamshika mkono.

Basi nani angekataa baada ya hapo? Mmoja mmoja wakaenda majumbani, wakarudi na walichokuwa nacho. Nduku akamwaga maji ya kufulia, Munyiva akamwaga ya kuku. Mutheu alileta mbili, kwa kuwa mwenyekiti. Zubair alisimama pale akisikia maji yakipiga mwamba, jerikeni baada ya jerikeni, ishirini na tano, mahali ambapo watu hunawa uso kwa kikombe. Maji yakimwagika hayazoleki, alijisemea, na yote haya kwa ajili ya nadhiri yake. Alikuja kumpunguzia mama yule mzigo, na sasa alikuwa amekikausha kijiji kizima. Aliendesha kurudi mjini bila kuwasha redio.

Alhamisi asubuhi alirudi na kuwakuta wote wamezunguka shimo. Mutheu akamnyooshea kidole chini.

"Angalia mwenyewe. Maji yote ya jana, hata tope hakuna. Moto imekunywa."

Kweli. Onesmus alimulika kwa kioo, akielekeza jua shimoni, na chini kulikuwa kukavu. Lakini fundi alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepata barua nzuri.

"Moto ikinywa maji, inapiga kelele na kutoa mvuke," alisema. "Mimi nimeishi na mvuke miaka kumi na mbili. Nani alisikia mvuke hapa jana?"

Hakuna aliyesikia.

"Basi maji ilienda wapi? Nashuka niangalie. Lakini nikirudi na kusema ni baridi, mtasema ni mimi tu, fundi wa kulipwa. Mmoja wenu ashuke na mimi, aweke mkono."

Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyesogea isipokuwa Mbinya, aliyeanza kufunga leso kiunoni. Hapo Zubair akavua koti. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, kitambi cha heshima, na tangu utotoni alikuwa haingii hata chini ya gari bila kusoma Kulhuwallahu. Wakamfunga kamba kwapani.

"Huyu ni wa watu sita," Mutheu akasema, akishika kamba kwanza. Hata yeye alicheka.

Zubair alishuka akiwa amefumba macho, ukuta mweusi ukimkwaruza mabega, akisoma kila aya aliyoijua na nyingine nusu. Miguu ilipogusa chini alisubiri iungue. Haikuungua. Akavua viatu. Akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili kwenye sakafu ya mwamba, kisha shavu. Jiwe lilikuwa baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri.

"Baridi!" akapiga kelele kwenda juu. "Wallahi baridi, mwaitu!"

Onesmus alikuwa ameshapiga magoti kando yake, anafuata kwa kidole ufa mwembamba kwenye pembe. Ulikuwa bado na unyevu. Maji ya wanawake yalikuwa yamepita hapo. Akachomeka mtaimbo, akaegemea, na bamba la jiwe jeusi likainuka. Chini yake kulikuwa na udongo mwekundu, mgumu, kama tofali lililotoka tanuruni.

"Unaona hii?" Onesmus alisema kwa sauti ndogo, kama mtu aliye msikitini kweli. "Hii ndiyo ardhi ya zamani. Ule uji wa moto ulipofika hapa uliilalia, ukaichoma. Hii nyekundu ni moto pekee uliowahi kuwa hapa, Zubair. Na kama uji ulipita bondeni, basi chini yake..."

Hakumaliza. Alichimba. Udongo mwekundu ulikuwa wa futi moja na nusu, na chini yake mtaimbo ukatoa sauti nyingine, ya kokoto. Kokoto za mviringo, laini, za mto. Mto uliofunikwa na jiwe kabla ya dunia kuwa na mtu wa kuuchota. Zubair aliokota moja, akaona kiganja chake kinang'aa. Ilikuwa imelowa. Wakachimba futi mbili nyingine, na maji yakaanza kuingia kutoka pande zote, bila haraka, yakafunika vidole vya miguu ya mtu wa mjini.

Wengine wakipata walichokiomba huruka. Zubair alikaa chini kwenye maji, suruali na yote, akalia. Onesmus akamwacha.

"Wanasema maji yakimwagika hayazoleki," fundi alisema baadaye, akifunga kamba. "Kama huyo mama hangemwaga, mimi jana ningefungasha vitu zangu. Hiyo ufa singeiona. Ilikuwa imejaa vumbi."

Ijumaa baada ya sala, Peugeot ilikuja Katelembo imebeba Asmaa na Sumayya, msichana wa miaka ishirini kasoro wiki chache, mrefu kama baba yake alivyotamani kuwa. Maji yalikuwa yamepanda futi nne. Mwethya wote ulikuwepo, na Mutheu alikuwa anamweleza kila mgeni jinsi yeye alivyosema tangu mwanzo kwamba shimo lipozwe.

Ndoo ya kwanza aliivuta Sumayya. Ilikuja na maji ya rangi ya chai ya maziwa.

"Hiyo bado haifai kunywa," Onesmus akaonya. "Ngojeni siku mbili itulie."

Watu wakavunjika moyo kidogo, maana kila mtu alitaka kuona Mbinya akinywa. Sumayya akaitazama ndoo, akamtazama yule mama mzee aliyekaa kwenye kigoda, miguu imepasuka visigino kwa njia ya mtoni. Hakumwuliza mtu. Akamimina maji kwenye karai, akapiga magoti mbele yake na kuushika mguu mmoja.

"Susu, bibi yangu, nipe na mwingine."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye uliyeniosha."

Sumayya akaosha miguu ile polepole, akipitisha vidole kwenye kila ufa, maji yakizidi kuwa mekundu. Mbinya akaweka mkono juu ya kichwa cha msichana, juu ya ushungi.

"Nilikuosha kwa nusu jerikeni tu," alisema. "Umenishinda. Asante."

Zubair alikuwa amesimama nyuma ya mkewe. Kwa miaka ishirini alikuwa akitafuta namna ya kulifikisha neno hilo kwa Mbinya, na sasa lilikuwa limetoka kinywani mwa Mbinya. Alitaka kusema kwamba hapana, wewe ndiye umetoa tena, umemwaga jerikeni yako shimoni ili zawadi yangu isife. Alitaka kusema mengi. Alichoweza kusema ni, "Asante, mwaitu," na kwa mara ya kwanza mama yule hakumkatiza.

Mbinya alifuta macho kwa ncha ya leso, akaigeukia ile Peugeot kuukuu iliyokuwa inatoa mvuke juani.

"Hayo ya miguu mmwagie mpapai," akasema. "Na wewe, chota ndoo nyingine. Hiyo gari yako iko na kiu tena."